Kutoka Leseni ya Boriti hadi Malipo ya Kaboni: Historia ya Motisha za Mazingira kwa Wakazi wa Mombasa na Mwambao wa Kusini mwa Kenya

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi wakazi wa Mombasa na vijiji vya pwani ya kusini mwa Kenya walivyohusishwa na hifadhi ya mazingira tangu mikoko ilipotangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932 hadi kupitishwa kwa marekebisho ya sheria ya mabadiliko ya tabianchi mwaka 2023. Hoja kuu ni kwamba kwa muda mrefu mkazi aliambiwa asichoruhusiwa kufanya, na mara chache tu alielezwa atakachopata akitunza. Pale motisha ilipofaulu, ilikuwa ya pamoja, ilionekana kwa macho na ilielezwa kwa maneno ambayo wenyeji waliyamiliki tayari. Makala yanaonyesha pia kwamba uteuzi wa istilahi za Kiswahili, hasa katika biashara ya kaboni, unagusa moja kwa moja haki za wanajamii. Yanahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera wa kanda, wakiwemo wa miji iliyo kando ya maziwa makuu.

Utangulizi

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Methali hii hutumiwa sana katika mambo ya ukarimu na siasa, lakini inaeleza pia kiini cha mjadala wa sera za mazingira: je, mwananchi atunze mali ya umma kwa kuogopa adhabu, au kwa kuwa utunzaji huo unamletea faida anayoiona? Katika miaka ya karibuni neno *motisha* limeenea katika nyaraka za serikali za Afrika Mashariki, likiambatana na vivumishi kama *ya kijani* na *endelevu*. Mtu anaweza kudhani kwamba suala lenyewe ni geni kama istilahi zake. Historia ya mwambao inaonyesha vinginevyo.

Mombasa ni mfano unaofaa kuchunguzwa. Ni kisiwa kilichozungukwa na hori mbili kuu, ile ya Tudor upande wa kaskazini na ile ya Kilindini na Port Reitz upande wa kusini, na kingo za hori hizo zina mikoko. Ni bandari kuu ya Kenya, inayohudumia pia Uganda, Rwanda na nchi nyingine zisizo na bahari. Kwa hiyo maamuzi yanayohusu maji na fukwe zake yanawagusa watu wengi kuliko wakazi wake. Hata hivyo, mpango wa motisha uliopata sifa zaidi katika eneo hili haukuzaliwa mjini. Ulizaliwa Gazi, kijiji cha Kaunti ya Kwale kilichopo yapata kilomita 55 kusini mwa Mombasa. Makala haya yanauliza kwa nini ilikuwa hivyo, na mji unaweza kujifunza nini kutokana na kijiji.

Miti yenye majina

Kabla ya kuwa suala la tabianchi, mikoko ilikuwa bidhaa. Kwa karne nyingi majahazi yaliyoletwa na pepo za kaskazi yalirudi na kusi yakiwa yamepakia miti ya ujenzi kutoka Lamu, Rufiji na sehemu nyingine za mwambao kuelekea Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, ambako miti mirefu ilikuwa adimu. Nyumba za mawe za miji ya Waswahili nazo zilitegemea miti hiyo hiyo. Upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti iliyobeba dari, na ndiyo sababu vyumba vingi vya nyumba za kale ni vyembamba na virefu.

Biashara hiyo iliacha alama katika lugha. Wakataji na wafanyabiashara waliipanga miti kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Aina za miti nazo zilitofautishwa kwa makini, yaani mkoko wenyewe, mchu, muia, mkandaa, mlilana na mkomafi. Kila mmoja ulikuwa na kazi yake: mkandaa ulitoa maganda ya kutengenezea ngozi na kutia rangi, mkoko ulifaa kwa boriti, na mlilana ulitafutwa na mafundi wa vyombo vya baharini. Msamiati huu ni ushahidi wa kihistoria. Unaonyesha kwamba wakazi wa pwani walikuwa na elimu ya kina kuhusu msitu huo, na kwamba elimu hiyo ilifungamana na matumizi. Mti ulikuwa na jina kwa sababu ulikuwa na thamani.

Kulikuwa pia na namna nyingine ya kuthamini mali ya pamoja. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, alieleza misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na visima milangoni pake. Kisima cha msikiti kilitumiwa na kila mmoja, na utunzaji wa mali ya namna hiyo baadaye uliendelea kupitia taasisi ya wakfu. Aliyetoa mali yake kwa wakfu alitarajia *thawabu*. Neno hili lina uzito katika historia ya motisha: linaonyesha kwamba wazo la kulipwa kwa kutunza kitu cha umma lilikuwepo, ingawa malipo yenyewe hayakuwa ya fedha na mlipaji hakuwa serikali.

Enzi ya marufuku

Utawala wa kikoloni uliingiza uhusiano wa aina tofauti. Kwa tangazo namba 44 la tarehe 30 Aprili 1932, misitu yote ya mikoko nchini Kenya ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali. Baada ya uhuru, hadhi hiyo ilithibitishwa kwa tangazo la kisheria namba 174 la tarehe 20 Mei 1964. Bendera ilibadilika, mmiliki wa kisheria hakubadilika. Mkazi aliyekuwa mtumiaji na mjuzi wa msitu akawa mwombaji wa leseni. Asiyekuwa na leseni akawa mvunja sheria, hata kama babu yake alikata fito mahali pale pale.

Katika kipindi hicho serikali ilizungumza na mkazi kwa maneno manne: leseni, ushuru, faini, marufuku. Mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku usafirishaji wa miti ya mikoko kwenda nje ya nchi. Sababu ilikuwa ya msingi, kwani misitu ilikuwa ikikatwa kupita uwezo wake wa kujirudisha. Hata hivyo hatua hiyo ilifunga soko la nje bila kufungua njia nyingine ya riziki kwa wakataji. Mahitaji ya ndani ya kuni, mkaa na miti ya kujengea yalibaki, na miji ya pwani iliendelea kukua. Mwezi Februari 2018 serikali ilisitisha tena ukataji katika misitu ya umma nchini kote, na kwa mara nyingine wakataji wa mikoko wakajikuta wamesimamishwa pamoja na makampuni ya mbao ya nyanda za juu.

Udhaifu wa marufuku ulionekana zaidi pale ambapo msitu haukuharibiwa na shoka. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori ya Mwache, magharibi mwa Mombasa, na mikoko mingi ikafa kwa mizizi yake kufunikwa. Hori ya Tudor nayo imepokea majitaka ya mji kwa miaka mingi. Katika hali zote mbili hapakuwa na mkataji wa kukamatwa. Sheria iliyojengwa juu ya mkosaji mmoja mmoja haina la kusema juu ya mmomonyoko wa mashamba ya juu au mfereji wa maji machafu wa mtaa mzima.

Mifuko ya plastiki inatoa mfano wa karibuni zaidi, na wa kikanda. Zanzibar ilianza mapema, mwaka 2006. Rwanda ilipitisha sheria yake mwaka 2008. Kenya ilifuata kwa amri iliyoanza kutumika tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Adhabu ya Kenya ilikuwa miongoni mwa zilizo kali kabisa duniani: faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka minne. Haiwezi kukanushwa kwamba marufuku haya yalibadilisha sura ya mitaa na fukwe. Lakini gharama ya mabadiliko ilibebwa kwa namna isiyolingana. Mchuuzi wa mboga wa Kongowea alilazimika kununua mifuko ya bei ya juu zaidi au kumwacha mteja abebe mikononi, ilhali duka kubwa liliweza kuuza mfuko mbadala na kupata faida juu yake. Tofauti na Rwanda, ambako katazo lilikwenda sambamba na desturi ya umuganda ya kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mkazi wa Mombasa alipewa katazo bila kupewa nafasi rasmi katika kazi ya usafi.

Gazi: malipo yanayoonekana

Wakati marufuku yakiendelea, jambo tofauti lilikuwa likikua Gazi. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya walikuwa wakifanya majaribio ya kupanda mikoko upya katika ghuba hiyo. Sheria ya misitu ya mwaka 2005 ilifungua mlango wa vyama vya jamii kushiriki rasmi katika usimamizi wa misitu ya serikali. Mambo hayo mawili, elimu ya upandaji na nafasi ya kisheria, ndiyo yaliyowezesha mradi wa Mikoko Pamoja kuanza mwaka 2013.

Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Vijiji vya Gazi na Makongeni vinalinda na kupanda mikoko katika eneo la hekta 117. Kiasi cha hewa ya ukaa kinachohifadhiwa, takriban tani 3,000 kwa mwaka, kinathibitishwa chini ya viwango vya Plan Vivo na kuuzwa kwa wanunuzi wanaotaka kufidia uchafuzi wao. Mkataba ni wa miaka 20. Fedha zinazopatikana hurudi katika vijiji, na matumizi yake huamuliwa na wanajamii wenyewe. Miongoni mwa yaliyofanywa ni huduma ya maji safi na msaada kwa shule. Ili mahitaji ya kuni na miti ya kujengea yasihamie msitu mwingine, mivinje ilipandwa kama mbadala. Mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta. Baadaye mfano huo ulienezwa kusini zaidi, karibu na mpaka wa Tanzania, katika vijiji vya Vanga, Jimbo na Kiwegu.

Mambo matatu yanautofautisha mpango huu na yaliyoutangulia. Kwanza, malipo ni ya jamii nzima, hayaendi kwa mtu mmoja mmoja. Mama asiyeingia msituni kamwe ananufaika bombani, na kwa hiyo naye anakuwa mlinzi kwa sababu ana cha kupoteza. Pili, malipo yanaonekana. Tani ya hewa ya ukaa haishikiki, lakini maji ya bomba yanashikika. Tatu, jina la mradi ni la Kiswahili, na ni fupi. Mikoko ni kitu kinachojulikana, na pamoja ni neno la kila siku. Aliyesikia jina hilo mara ya kwanza hakuhitaji mkalimani. Kwa namna fulani mradi uliunganisha tena yale yaliyotenganishwa mwaka 1932: ujuzi wa mti, matumizi yake na sauti juu yake.

Ni lazima hata hivyo mafanikio hayo yapimwe kwa kiasi. Tani 3,000 kwa mwaka ni kiasi kidogo katika soko la dunia, na mapato yake yanatosha kwa mahitaji ya vijiji viwili, si ya kaunti. Umiliki wa msitu bado ni wa umma, na jamii ina haki ya kusimamia tu. Aidha, bei ya kaboni hupangwa na wanunuzi walio mbali. Kijiji kinachotegemea wanunuzi hao kwa matengenezo ya bomba lake kinabeba hatari ambayo hakikuizoea.

Neno na fedha

Hapa ndipo suala la lugha linapokuwa suala la haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inatambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Ibara ya 10 inautaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa misingi ya utawala, na Ibara ya 42 inatoa haki ya mazingira safi na yenye afya. Lakini sheria za nchi hutungwa kwa Kiingereza, na mikataba ya kaboni hali kadhalika. Mwanakijiji hukutana na mkataba kupitia tafsiri ya mdomo barazani, na uzito wa tafsiri hiyo hautambuliwi ipasavyo.

Mfano ulio wazi ni istilahi *mikopo ya kaboni*, inayotumika katika baadhi ya maandishi ya Kiswahili. Aliyeibuni alitafsiri neno la Kiingereza kwa maana yake ya benki. Kwa msemaji wa Kiswahili, mkopo ni deni. Anayeambiwa kwamba kijiji chake kimeingia katika biashara ya mikopo ya kaboni ana haki ya kuuliza: tumekopa nini, kwa nani, na tusipolipa watachukua nini? Si jambo la ajabu ikiwa jibu analojipa mwenyewe ni kwamba ardhi ndiyo itakayochukuliwa. Istilahi *hati za kaboni* haina kasoro hiyo, kwa kuwa hati ni kitu kinachothibitisha haki ya mwenye nacho.

Tatizo halikomei hapo. Malipo yenyewe huitwa kwa majina tofauti, na kila jina linampa mwanajamii nafasi tofauti. *Fidia* inamfanya mtu aliyedhulumiwa. *Msaada* unamfanya mpokeaji asiye na haki ya kudai. *Malipo* au *ujira* unamfanya mtoa huduma anayestahili kulipwa kwa kazi aliyoifanya. Wanasheria wanajua kwamba nafasi hizo hazilingani, na mwanakijiji naye anajua, kwa sababu maneno hayo ameyatumia maisha yake yote.

Marekebisho ya sheria ya mabadiliko ya tabianchi ya mwaka 2023 yameongeza umuhimu wa jambo hili. Yanataka miradi ya kaboni katika ardhi ya jamii iwe na mkataba wa maendeleo ya jamii, na kwamba miradi ya ardhi itoe kwa jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya jumla ya mwaka uliotangulia, na miradi mingine asilimia 25. Ni hatua kubwa. Lakini asilimia 40 ya kitu kisichoeleweka ni kitu kisichoeleweka. Je, mapato ya jumla ni kabla au baada ya kutoa gharama za uendeshaji? Katika Kiswahili cha kila siku, *mapato* na *faida* hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni kitu kimoja. Mkataba usiotofautisha maneno hayo mawili kwa lugha ya waliotia saini ni chanzo cha ugomvi wa kesho.

Mji uliobaki nyuma

Mombasa yenyewe haijakosa juhudi. Jaa la Kibarani, lililokuwa likimlaki kila aliyeingia kisiwani kwa barabara, lilianza kufungwa na kugeuzwa bustani mwaka 2018. Ulikuwa ushindi kwa macho na kwa pua, na kwa hori ya Makupa. Hata hivyo, waliokuwa wakiishi kwa kuokota na kuuza chupa, vyuma na plastiki za jaa hilo walikuwa tayari wakifanya kazi ya urejelezaji ambayo sasa inahimizwa katika kila warsha. Sera ya motisha ingeweza kuanzia kwao.

Motisha za kikodi nazo hazikutabirika. Gesi ya kupikia ndiyo mbadala wa karibu zaidi wa kuni na mkaa kwa kaya za mjini. Mwaka 2016 iliondolewa kodi ya ongezeko la thamani, tarehe 1 Julai 2021 ikatozwa asilimia 16, mwaka 2022 ikapunguzwa hadi 8, na mwaka 2023 ikaondolewa tena. Mama wa Mishomoroni aliyenunua mtungi kwa kuamini bei ya mwaka 2016 alirudishwa kwenye mkaa miaka mitano baadaye. Motisha inayotolewa na kunyang'anywa humfundisha mkazi kutoiamini inayofuata.

Tofauti kati ya mji na kijiji haitokani na wingi wa watu peke yake. Gazi ina mpaka unaojulikana, msitu unaojulikana na baraza linalokutana. Kingo za hori ya Tudor zinapakana na mitaa mingi, wapangaji wanaohama na mamlaka kadhaa. Lakini mitaa nayo ina misikiti, makanisa, vikundi vya akina mama, vyama vya wavuvi na timu za mpira. Hizo ndizo taasisi zinazoweza kupokea malipo ya pamoja na kutoa hesabu mbele ya watu wanaojuana.

Hitimisho

Historia iliyofuatiliwa hapa inatoa mafunzo manne. La kwanza, marufuku hufaulu kuzuia tendo linaloonekana, kama kubeba mfuko au kusafirisha boriti, lakini hayatoshi pale uharibifu unapotokana na mfumo mzima. La pili, motisha hudumu ikiwa ya pamoja, ya kuonekana na isiyobadilika kila bajeti. La tatu, kabla ya kubuni mpango mpya ni vyema kuwatambua wanaofanya kazi hiyo tayari bila kuitwa wahifadhi. La nne, toleo la Kiswahili la mkataba wowote wa kaboni au wa taka liwe na nguvu ya kisheria sawa na la Kiingereza, na istilahi zake zijadiliwe na wahusika kabla ya kutiwa saini.

Fundisho la mwisho linahitaji ushirikiano wa kikanda. Zanzibar husema uchumi wa buluu, na nchini Kenya husikika uchumi samawati. Tofauti ya rangi haimuumizi mtu. Tofauti kati ya mkopo na hati inaweza kumuumiza. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina wajibu wa kutanguliza istilahi zinazobeba haki na fedha, kwa sababu miradi ya aina hii haitakomea baharini: Kisumu, Mwanza, Entebbe, Bujumbura na Kigoma nazo zina fukwe, taka na wakazi wanaosubiri kuambiwa watapata nini. Wakazi wa pwani waliwahi kuwa na jina kwa kila unene wa mti kwa sababu mti ulikuwa na thamani mikononi mwao. Watakapokuwa na neno lao wenyewe kwa kila sehemu ya mkataba, itakuwa dalili kwamba mkataba nao umefika mikononi mwao.